Yaya, Pikipiki Hii Haipendi Tope

Sherbrooke, Quebec, Kanada
Februari 2026

Yaya mpendwa, pamoja na wote watakaosomewa barua hii hapo kwetu Mabalako,

Huku sisi ni wazima, ila baridi inatutawala kuliko serikali. Leo asubuhi ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri, na mtangazaji wa redio akasema kwa furaha kwamba kesho kutakuwa na nafuu: nyuzi 17 chini ya sifuri. Watu wakashangilia. Mama akiona picha na kuuliza kama nimenenepa, mwambie hapana, ni nguo.

Madhumuni ya barua hii ni kujibu ujumbe wako wa sauti. Umesema umeona video ya pikipiki isiyo na magurudumu, yenye miguu miwili mbele na mkanda wa mpira nyuma, ikipita pahali ambapo mtu wa miguu anazama hadi kiunoni. Umesema hiyo ndiyo dawa ya njia ya Mangina wakati wa mvua. Ukaniagiza ninunue moja, niipakie kwenye meli hadi Mombasa, mfanyabiashara mmoja wa Butembo aipokee, ipite Kampala, iingie Kasindi. Kisha ukauliza: ni aina gani nzuri, na gani haisumbui njiani?

Nianze na swali la aina, maana ndilo linalogombanisha wanaume wa huku kuanzia Novemba hadi Aprili. Wewe na motari wenzako wa pikipiki mnaweza kubishana kuhusu TVS na Boxer mpaka abiria akachoka, akaenda kwa miguu. Ukidhani ugonjwa huo ni wetu peke yetu, njoo kazini kwetu saa ya chakula. Kuna mtu wa Ski-Doo, mtu wa Polaris, mtu wa Arctic Cat na mtu wa Yamaha. Wanakaa meza moja, lakini ukiwasikiliza utadhani wanagombea ubunge.

Ski-Doo ni mtoto wa nyumbani. Inatengenezwa Valcourt, mji mdogo ambao kwa gari haufiki hata saa moja kutoka hapa Sherbrooke. Kumwambia mtu wa huku kwamba Ski-Doo haifai ni sawa na kusimama sokoni Butembo ukatangaza kwamba Wanande hawajui biashara. Mwanzilishi ni Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa Valcourt mwaka 1907. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alichukua injini ya gari la Ford, akaifunga kwenye sleji, nyuma akaweka panga la kuzunguka kama la ndege, akapita nayo mjini yeye na ndugu yake, ikinguruma. Baba yake hakupiga makofi. Alimwamuru aifumue mashine yote. Wazazi ni wale wale, Yaya, wawe weupe au weusi.

Lakini hadithi yake haina kicheko mpaka mwisho. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo, Yvon, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Theluji ilikuwa imefunga barabara, hospitali haikufikika, mtoto akafariki. Sisi wa Mabalako hatuhitaji kuelezwa barabara iliyofungwa inamfanya nini mgonjwa. Bombardier aliongeza bidii, na kuanzia mwaka 1937 akawa anauza gari la theluji la kubeba watu saba. Ile pikipiki yenyewe, ndogo, ya mtu mmoja au wawili, ilitoka mwaka 1959, na mmoja wa watu wa kwanza kuijaribu alikuwa padri Maurice Ouimet, mmisionari wa kaskazini mwa Ontario. Umeona? Hata huku pikipiki ilianza na padri.

Polaris ni Mmarekani wa mji wa Roseau, Minnesota, na mashine yao ya kwanza ni ya mwaka 1956. Mmoja wa waanzilishi, Edgar Hetteen, aliona watu hawaamini. Mwaka 1960 akavuka Alaska na wenzake, kutoka Bethel hadi Fairbanks, ili kuonyesha kwamba chombo hiki si cha kuchezea. Walifika. Lakini nyumbani wenzake wa kampuni wakanung'unika kwamba bosi anatembeatembea wakati kazi inangoja. Mzee akakasirika, akaondoka, akaenda Thief River Falls katika jimbo hilo hilo, akaanzisha kampuni nyingine. Ndiyo hiyo Arctic Cat, ile ya kijani. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Polaris na mtu wa Arctic Cat wanatupiana maneno, ujue ni ugomvi wa ukoo. Wewe kula, nyamaza.

Yamaha haihitaji kutambulishwa. Wazee wa parokia wanakumbuka AG 100 ilivyopanda milima na padri mgongoni. Huku Yamaha walianza kuuza pikipiki za theluji mwaka 1968, na sifa yao ni ile ile unayoijua: injini isiyokufa. Basi mwaka 2023 wakatangaza kwamba wanafunga biashara hiyo, na kwamba mashine za mwaka 2025 ndizo za mwisho kwa Kanada na Marekani. Mwenzetu wa Yamaha alifiwa. Tulimpa pole kwa kahawa. Mpaka leo anasema vipuri vitapatikana miaka mingi, na anayasema hayo bila kuulizwa.

Tena kuna kichekesho. Yamaha yake, ile Sidewinder, iliunganishwa katika kiwanda cha Arctic Cat, na Arctic Cat kubwa ya jirani yake wa mezani ilitiwa injini ya Yamaha. Watu hawa wawili wametukanana misimu mingi wakiwa wamekalia injini moja. Na huyo wa kijani naye hakucheka sana, kwa sababu mwishoni mwa 2024 kampuni iliyokuwa na Arctic Cat ilitangaza kusimamisha uzalishaji. Mwaka 2025 ikapata wamiliki wapya. Mpaka wakati huo mwenzetu alikuwa hali vizuri.

Sasa injini, maana najua hapo ndipo unapokaa sawa. Ziko za mipigo miwili na za mipigo minne. Za mipigo miwili ni nyepesi na kali, zinakunywa oili pamoja na esanse, kama ile AG ya padri, ila siku hizi kompyuta ndiyo inayopima. Vijana na watu wa milimani wanazipenda. Za mipigo minne ni nzito kidogo, lakini zinatulia, hazinuki moshi, hazili oili, na mtu wa safari ndefu hushuka masikio yakiwa mazima. Injini za Ski-Doo zinatoka Austria, kwa Rotax. Iliyo maarufu kwa safari ni 900 ACE, silinda tatu, mipigo minne. Ile yenye turbo ya juu kabisa inafika nguvu za farasi 180. TVS yako ina kama kumi na moja. Mia na themanini, Yaya, na mwenyewe anakwenda kula viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa jibini na mchuzi.

Kwa umbo, kumbuka jambo moja: mkanda mfupi unakata kona, mkanda mrefu unaelea. Kwa njia zilizosawazishwa wanachukua mkanda wa inchi 129 au 137: ndiyo MXZ ya Ski-Doo, Indy ya Polaris, ZR ya Arctic Cat. Kwa mlimani, kwenye theluji laini, wanapanda hadi inchi 154 na zaidi. Kwa mzigo kuna Skandic ya Ski-Doo na VK Professional ya Yamaha, zenye mkanda mpana, zinavuta sleji iliyojaa kuni. Kwa mume na mke kuna Grand Touring, na nyuma abiria ana kiti chenye mgongo na vishikio vinavyopashwa moto kwa umeme. Nakuandikia tena usidhani nimekosea: abiria anapashwa mikono moto. Na abiria ni mmoja. Hakuna mtu wa pili, hakuna mtoto mbele kwenye tangi, hakuna mbuzi.

Jirani yangu mzee, mwenye Grand Touring, alinipakia siku moja. Kabla ya kuondoka aliinua nyuma ya mashine, akauzungusha mkanda kidogo ili barafu iachie. Akafungua ubavu, akanionyesha beliti inayotoa nguvu kwenye injini kuipeleka kwenye mkanda. Hakuna gia za kubadilisha kwa mguu: beliti yenyewe inapanda na kushuka kati ya puli mbili. Ndiyo inayochakaa, na kila mwenye akili anabeba ya akiba chini ya kiti. Kisha akajifunga kamba ndogo kifuani, upande wa pili ukiwa kwenye mashine, ili akianguka injini izime yenyewe. Kurudi nyuma ndiko kulikoniacha kinywa wazi, lakini hiyo nimeiona kwa kijana wake mwenye mashine ya mipigo miwili. Unabonyeza kitufe, injini inapungua mpaka unadhani imekufa, halafu inawaka upya ikizunguka kinyume. Injini nzima inageuka, Yaya! Si gia.

Njiani kuna adabu yake. Mkipishana na kundi, kiongozi wao ananyoosha vidole kuonyesha wamebaki wangapi nyuma yake. Wa mwisho anainua ngumi, maana yake kumekwisha. Kwa hiyo ukija huku usipunge mkono ovyo kama unavyowasalimu watu wa Cantine huko kwetu. Watu watasogea pembeni kungoja pikipiki tano ambazo hazipo.

Na hizo njia nani anazitengeneza? Hapo utacheka. Quebec ina zaidi ya kilomita 33,000 za njia za pikipiki za theluji, na kazi kubwa inafanywa na vilabu vya wapandaji wenyewe, wengi wao wa kujitolea, chini ya shirikisho lililoanzishwa mwaka 1974. Usiku wanapita na mashine kubwa kusawazisha, asubuhi njia imenyooka. Kila mwenye pikipiki analipa haki ya kupita, mamia ya dola kwa msimu. Ni salongo ya kazi za jamii na peaji ya barabara pamoja, ila hapa ukilipa peaji unaiona barabara. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa, kofia ngumu ni lazima, na walinzi wanasimama njiani kukagua karatasi. Wanakagua karatasi tu. Si kama vizuizi vya kwetu wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulipopimwa joto la paji kila baada ya mwendo mfupi. Huku joto la kupima halipo.

Sasa swali la tope. Hapana, Yaya. Pikipiki nyingi za aina hii zinapozwa na theluji yenyewe: mkanda unarusha theluji juu, inagonga mabomba ya kupoza yaliyo chini ya kiti, maji ya injini yanapoa. Isitoshe, mkanda unateleza juu ya reli za plastiki, na mafuta ya reli hizo ni theluji hiyo hiyo. Huku kwenyewe, theluji ikipungua na njia ikawa barafu tupu, injini inaanza kuchemka, na wenyewe wanashusha vyuma vya kukwaruza barafu ili unga urukie mkandani. Ukiiweka kwenye tope letu, jua la saa sita, reli zitayeyuka na kuganda kwenye mkanda kabla hujamaliza mlima wa kwanza. Utabaki na zaidi ya kilo 200 za chuma barabarani, na watoto wakikuzunguka kukuuliza imekufa nini. Mahali pekee pa kuipeleka kwetu ni juu ya Ruwenzori, na kuifikisha huko utahitaji wapagazi wengi kuliko farasi ilizo nazo.

Na usidanganywe na video za Grantsburg, Wisconsin, ambako kila Julai wanashindana kuzipitisha juu ya maji. Ni kweli zinapita. Dereva akipunguza mwendo tu, anazama, na mashine inavutwa kwa kamba.

Nijibu basi: ipi haisumbui? Nimewasikiliza wote wanne, na nimegundua kwamba wakiacha kelele wanakubaliana. Mtu wa Valcourt anapanda Ski-Doo kwa sababu kipuri anakipata leo. Mtu wa Minnesota anapanda Polaris kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye Yamaha hana wasiwasi na injini, ana wasiwasi na duka. Mashine mpya hapa ni ghali, na zote zinawaka siku ya kwanza. Zinaachana pale beliti inapokatika Jumamosi jioni, nyuzi 25 chini ya sifuri. Mimi nikinunua, nitachukua 900 ACE iliyotumika, kwa kuwa kiwanda kiko jirani na makanika yuko mtaani kwangu. Na kwa hesabu hiyo hiyo, wewe kaa na TVS yako. Buji, sheni, pete za pistoni, vyote viko Butembo, na hapo Mabalako kijana yeyote anaifungua gizani kwa spana mbili. Chagua makanika kwanza, pikipiki baadaye.

Barabara ikiwa si salama, usiondoke, hata abiria akiongeza bei.

Pesa nimetuma, lakini nimempelekea Mama, si wewe. Ni za pine mbili za tope, mbele na nyuma, na kofia ngumu mbili, yako na ya abiria. Orodha anayo, na nimemwambia adai fakitire.


Mdogo wako