Sifa za Nyumba ya Bondeni

Watu wa kale walizisifu kasri na majumba ya mawe, na madalali wa leo wanazisifu ghorofa za Mikocheni. Illa nyumba ya vyumba sita iliyojiinamia kandokando ya Bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo, haijapata mtu wa kuitamkia neno jema, nami naona si insafu kwamba mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi, anayetafuta nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, aipite bila ya kuiamkia.

Fadhila yake kubwa ni ukweli. Nyumba za wenye nafasi huyasitiri maradhi yao kwa rangi na marumaru, hata mnunuzi akayagundua baada ya kulipa. Hii haina siri, kwani mstari wa tope ulioachwa na mto juu kidogo ya kitasa humbainishia kila mgeni, bila ya kudai ujira wa mthamini, maji yalikomea wapi. Jirani ataongeza kwamba mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyosababisha baadhi ya watu wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, yaliingia barazani yakatokea uani pasipo kugonga ukuta, jambo ambalo ni ushahidi tosha kuwa ukumbi wake ulijengwa ukanyooka.

Unyonge wake nao ni hirizi. Mwaka 1971, Serikali ilipoyatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, wenye maghorofa wa mjini walikesha, na wenye vibanda vya miti na udongo walikoroma. Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2015 alama nyekundu ya X ilipita mabondeni ikilitangulia tingatinga. Walakini tusiwe wachoyo wa shukurani, maana ni nadra nyumba ya fukara kuandikwa na wakubwa kwa herufi kubwa namna ile.

Tuje katika hisabati, ambamo ndimo uzuri wake unamong'aa. Dalali, ambaye hakulala hapo hata usiku mmoja, hukokotoa hivi: bei milioni 30, vyumba 6, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi, jumla milioni 3.6 kwa mwaka, yaani asilimia 12. Ni hesabu tukufu isiyo na doa, na ingalikuwa kweli tupu kama wapangaji wangalikuwa tarakimu. Lakini vyumba viwili vya upande wa mto havikaliki, na majirani wamevifanya ghala ya ndoo na magodoro mabovu. Cha tatu anakaa shemeji wa muuzaji, ambaye adabu hairuhusu aulizwe kodi. Ondoa hivyo vitatu, na 12 imekuwa 6, kabla hujanunua bati moja wala hujaliita gari la kunyonya choo. Wale watatu wanaolipa, aghalabu mama lishe na vijana wa bodaboda, ni watu waaminifu kupita mwenye nyumba: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa ndani ya umeme, hivyo mpangaji anunuapo LUKU humlipia tajiri wake deni la Serikali, na tajiri asiyemrudishia huendelea kujihesabu mfadhili.

Wapo watu wakavu wa roho watakaosema kwamba hati fungani za Serikali hulipa riba bila ya kuvuja. Sibishi. Lakini hati fungani haimwamshi mtu saa nane za usiku wingu linapofunga, akaomba dua ambazo mchana huzisahau. Haimjulishi kwa mafundi bati wote wa Kigogo. Wala haimpi taadhima ya kuitwa baba mwenye nyumba na watu wanaomdai dari.

Basi, msomaji uliyekwisha kutia nia, nenda kaione Aprili, wala si Agosti. Mwache dalali barabarani, uketi uani na kina mama wanaopika, uwaulize habari za maji, za choo, na za shemeji. Illa ufanye hima, kwa kuwa muuzaji ameshikilia kwamba mkataba utiwe saini kabla ya Machi.