Mwongozo kwa Mtoto Atakayezaliwa Ruaha

Karibu, mwanetu ambaye hujafika. Wakubwa wamekwisha kukupangia mengi nawe hukuitwa kikaoni, kwa hiyo soma hapa kabla ya safari.

Mto kwanza. Ruaha Mkuu, unaoipa kata yako jina, umekuwa ukikatika kiangazi huko juu, ndani ya hifadhi ya Ruaha, tangu 1993. Mpunga wa bonde la Usangu, juu zaidi ya hifadhi, hunywa kwanza. Usihofu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitamka London kwamba ifikapo 2010 utatiririka mwaka mzima. Na 2010 ilipoingia maji yalikuja kweli, tena kwa fujo, ila yalikuja na mto Mkondoa: Kilosa, wilaya yako, ikafurika, reli ikang'oka, maelfu wakalala mahemani. Ahadi ilikosea mto tu.

Jikoni utaona mtungi wa gesi umekaa pembeni na jiko la mkaa linawaka. Usimcheke mama. Mkaa huuzwa kwa kopo, kwa kadiri ya kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Gesi haipimwi hivyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Ukizaliwa 2027, mwaka huo utakuwa darasa la kwanza, umri wa kutumwa dukani. Beba kopo. Umeme je? Mitambo ya Kidatu, megawati 204, iko jirani kabisa. Nyaya utaziona zikikupita juu ya kichwa.

Jihadhari na tarehe za ahadi. Mtu akikutajia 2050, muulize siku hiyo atakuwa wapi. Yeye atakuwa amestaafu zamani, wewe ndiyo kwanza unatafuta kazi.

Lakini usije na dharau. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa vimejaribu mkaa endelevu: msitu hugawanywa vitalu, kitalu kikivunwa huachwa miaka 24 kichipue, na ushuru hubaki kijijini. Moshi wake ni moshi uleule, sikatai. Ila katika yote niliyokutajia, huo ndio mpango pekee uliokuhesabu wewe.

Ukifika, nenda ofisi ya kijiji ukaombe ramani ya vitalu, uone kipi kitakuwa tayari ukiwa mtu mzima. Wakikuambia ramani haipo, anza kudai hapohapo, wala usingoje ufikishe miaka 18.