Helmeti Jikoni

Samaki ni chakula cha nusu saa. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu huchukua jioni nzima, na lawama zote hubebeshwa samaki mwenyewe, ambaye wakati huo keshakufa na hawezi kujitetea.

Mtazame ng'ombe. Maisha yake yote anaubeba mwili wake kwa miguu minne, anapanda vilima, anaswagwa na wachungaji; nyama yake ikifika jikoni inadai saa mbili na mkaa wa kutosha. Samaki amebebwa na maji tangu kuzaliwa. Nyuzi za nyama yake ni fupi, na utando unaozishikanisha huyeyuka kwa moto mdogo tu. Ndiyo maana ukiweka kipande cha nguru jikoni kisha ukaenda kutafuta simu, unarudi umkute amekauka. Hataki mpishi hodari, anataka mpishi mmoja. Hapo ndipo taabu yetu inapoanzia, maana wifi yangu akija tunakuwa watatu.

Mimi ni wa Tanga, mume wangu ni Msukuma wa Mwanza, na tumepanga Dar es Salaam, vyumba viwili, ua tunachangia na wapangaji wengine. Kwangu samaki ni changu wa kupaka. Kwake ni sato aliyechemshwa kwa nyanya, kitunguu, chumvi na limau, sufuria ikafunikwa, dakika chache ikaepuliwa, basi. Tui, asema yeye, ni njia ya watu wa pwani ya kumficha samaki. Mimi humjibu kwamba maji matupu ni njia ya watu wa bara ya kumwogesha mara ya pili. Tunapendana, lakini shauri hilo hatujalimaliza.

Siku wifi alipokuja tulidamka kwenda Feri, pale Magogoni karibu na kivuko cha Kigamboni, kabla jua halijawa kali. Mume wangu hununua samaki kwa kanuni: jicho liwe limejaa na kung'aa, mashavu yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi ilipokuwa. Kanuni nzuri. Ila yeye hubonyeza kila samaki wa kila meza, mpaka muuzaji mmoja akamuuliza, "Mzee, unanunua au unawakanda?" Tulinunua changu, vibua na tasi, tukawatia kwenye ndoo yenye barafu. Wanaonicheka kwa ile ndoo ndani ya daladala wanicheke tu. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria huwatengenezea kitu kinachoitwa histamini, na hicho hakiondoki kwa kukaanga wala kwa limau. Unakula samaki mtamu kabisa, halafu uso unakuwa mwekundu, ngozi inawasha, kichwa kinagonga, na mkweo anaambiwa umerogwa.

Jioni wifi alikataa katakata kukaa ndani kama mgeni. "Wifi, samaki nimezaliwa nao," akasema, akakunja mikono ya gauni, akatumbukiza mkono kwenye ndoo na kumshika tasi mgongoni kwa nguvu zote.

Samaki aliozaliwa nao ni sato. Sato naye ana miiba mgongoni, inachoma, lakini inaishia hapo. Ya tasi ina sumu, na kufa hakumpunguzii kitu. Yowe alilolipiga wifi liliwatoa wapangaji wote, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alishauri mafuta ya taa. Mwingine alitaka jeraha linyonywe, ila hakujitolea. Wa tatu akasema mkojo wa mtoto wa kiume ndio kiboko, na macho ya watu wote yakamgeukia mwanangu, ambaye alikimbia akajifungia chooni. Mimi nilileta beseni la maji ya moto, ya kiasi ambacho mtu anaweza kustahimili bila kuungua, kwa sababu sumu ile huvunjwa nguvu na joto. Maumivu yalianza kupungua. Mkono ukiwa ndani ya beseni, wifi akatangaza kwamba katika historia ya Ziwa Victoria hakuna sato aliyewahi kumfanyia mtu jambo kama lile.

Nilitegemea beseni lingempumzisha. Badala yake lilimpandisha cheo. Akakaa kwenye kigoda akawa msimamizi, na amri yake ya kwanza ilikuwa kaka yake akaange vibua.

Kaka yake aliwaosha vizuri, nusu ndoo ya maji, akawatoa wanachuruzika akawatosa kwenye mafuta yanayochemka. Maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke ukitoka hauombi njia, unarusha kila kilichoko juu yake. Kikaango kilipasuka kwa makelele, mume wangu akaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Dawa yake ni nyepesi mno: mkaushe samaki kwa kitambaa, mpake chumvi na manjano, ukipenda mpitishe kwenye unga kidogo, kisha mlaze kwenye mafuta umwache. Ngozi ikiiva itabanduka yenyewe. Anayemgeuzageuza kila dakika ataishia kula supu ya vipande.

Nilikuwa nikiyasema hayo kwa sauti ya upole kabisa nilipoona nazungumza peke yangu. Mume wangu alikuwa ameingia kwa jirani anayeendesha bodaboda. Alitoka amevaa helmeti, kioo kimeshushwa, mwiko mkononi, akaliendea jiko ubavuubavu. Kioo kikafunga ukungu. Kwa hiyo alikuwa akimgeuza kibua kwa kupapasa pale kijana mmoja alipobisha hodi uani, akatazama helmeti, akatazama mwiko, akaamua asiulize mengi.

"Bosi, mpaka Mbagala shilingi ngapi?"

Ndani ya helmeti hakusikika kitu. Mume wangu akainua mwiko juu. "Subiri," akasema, "bado upande mmoja."

Kijana akasubiri. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Kwenye mkaa mimi nilikuwa na changu wangu, nimempasua na kumtia tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, chumvi na limau. Pembeni tui zito, ukwaju na manjano vinachemka taratibu viwe rojo la kumpaka. Tui hukorogwa au hutekwa kwa upawa, na halifunikwi. Wifi, kwa mkono wake mzima na kwa adabu aliyolelewa nayo, aliona sufuria iko wazi na vumbi lipo, akaifunika. Nilipofunua, tui lilikuwa limekatika, mafuta huku, maji kule. Umeme nao ukakatika dakika ileile, nikashukuru, maana gizani tui lililokatika halina tofauti na tui lisilokatika. Nilimpaka changu, nikamgeuza, nikampaka tena.

Kula samaki gizani ni jambo jingine. Tulikula kwa tochi ya simu, vichwa vimekutana, hakuna aliyezungumza. Hilo nampa samaki sifa zake: ukoo wa mume wangu haujawahi kunyamazishwa na chakula kingine chochote, na kinachowanyamazisha ni hofu ya mwiba. Wifi alionja wa kupaka, akasema si vibaya, akachukua kichwa. Akasema tena si vibaya, akachukua mkia.

Aliporudi Mwanza akatutumia boksi la sato wenye barafu kwa basi la usiku, "mle samaki wa heshima". Asubuhi konda akanipigia simu.

"Mama, boksi lako linavuja, abiria wananung'unika. Mmeweka nini humu?"

Nikamwambia ni sato.

Akanyamaza kidogo. "Sato wa ziwani kabisa?"

"Wa ziwani."

Akashusha sauti. "Mnawatia tui?"

Nikasema ndiyo. Mume wangu, aliyekuwa ametega sikio kwenye simu, akapaza sauti kwamba hapana. Konda akasema basi tukishakubaliana twende stendi, boksi liko chini ya kiti chake, ila tusichelewe, kwa sababu mkewe ni wa Pemba.