Maji Yalipofika Rafu ya Chini

Bomba la mashine ya kufulia lilipasuka usiku, maji yakateremka na ukuta wa sebule hadi rafu ya chini. Niliposhuka alfajiri kutia udhu, zulia lilibonyea na kunilowesha hadi vifundoni. Sikupiga kelele za nyumba wala za umeme. "Baba watoto! Santuri!"

Alishuka na shuka lake begani.

Ni sahani mia na themanini hivi, karibu zote za kati ya mwaka 1979 na 1984, za ule muziki wa Uingereza ulioitwa wimbi jipya. Tumeishi Sheffield tangu ujana. Mimi nilitoka Mombasa kusomea uuguzi, mwenzangu alitoka Buyenzi, Bujumbura, kusomea uhandisi, na tulioana mwaka 1985. Mji huu ulikuwa ukifunga viwanda vyake vya chuma, huku vijana wake wakifinyanga nyimbo kwa sinthesaiza. Human League ni wa hapa, ABC ni wa hapa. Wale wasichana wawili wa Human League, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, walionekana wakicheza katika klabu ya Crazy Daisy mwaka 1980, wakiwa bado wanafunzi wa shule. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yao, Dare. Niliinunua kwa malipo ya zamu zangu za usiku, kwa sababu sauti zao zilikuwa za watu ambao ningeweza kukutana nao kituo cha basi.

Mwenzangu naye alikuwa nayo. Basi ndoa yetu ilianza na Dare mbili, The Lexicon of Love ya ABC mbili, na Speak & Spell ya Depeche Mode mbili. Rafiki alitushauri tuuze zilizojirudia tununue sufuria. Tulikataa sote wawili kabla hata hatujatazamana. Yangu ina mikwaruzo yangu, yake ina yake, na nikifumba macho naijua ipi inacheza.

Halafu watoto wakaja, gramafoni ikapanda kabatini, na mkanda wake wa mpira ukayeyuka ukawa kama lami. Ilipita zaidi ya miaka ishirini hatujagusa sindano.

Asubuhi ile tulizitoa moja moja. Sahani yenyewe haiogopi maji. Unaifuta, unaisimamisha, yamekwisha. Kinachokufa ni karatasi. Tulitandaza majalada kwenye ngazi, kitandani, juu ya meza ya kulia. Mifuko ya ndani tuliianika jikoni kwa vibanio vya nguo. Power, Corruption & Lies ya New Order ilikuwa imegandamana na jirani yake. Peter Saville aliipamba mwaka 1983 kwa mchoro wa mawaridi wa Henri Fantin-Latour, na mbele hakuandika hata jina la bendi. Nilipozitenganisha, nusu ya mawaridi yalibanduka yakabaki mgongoni mwa jirani. Nililia pale pale, taulo mkononi. Jalada lile nililitazama miaka mingi kabla sijajua hata jina la mchoraji.

Dare zote mbili zilikuwa na majalada meupe. Sasa yana madoa ya rangi ya chai, na tulipozirudisha kwa haraka hatukuangalia ipi inaingia wapi.

Lakini kosa kubwa nililifanya mimi. Katika kukimbilia ndoo niliegemeza sahani moja kwenye redieta, nikasahau. Niliporudi, ukingo wake ulikuwa umebenuka kama chapati inayofura kikaangoni. Nikaigeuza nisome lebo. Ilikuwa Kings of the Wild Frontier ya Adam and the Ants, ya mwaka 1980. Yake. Hiyo hatukuwa nayo mbili.

Lazima nieleze kwa nini miguu iliniisha nguvu. Majira ya baridi ya kwanza, akiwa bweni la wanafunzi, alisikia ngoma za kwao zikipita ukutani kutoka chumba cha jirani. Aliacha chakula akaenda kugonga mlango. Bendi ile ilikuwa na wapiga ngoma wawili, na mdundo wao ulikuwa na asili. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa kwa ajili ya Ocora, lebo ya Kifaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja akabandika piano na gitaa juu ya rekodi hiyo akaiita Burundi Black, na kutoka hapo mdundo ukaingia katika wimbi jipya, kwa Adam and the Ants na kwa Bow Wow Wow. Mwenzangu ameipenda sahani hiyo na amekuwa na kinyongo nayo miaka yote hii. "Wamechukua mkono, wakaacha mtu," husema, kisha huongeza sauti. Sijawahi kumwambia achague moja, maana naona yote mawili ni kweli.

Nilimpelekea sahani kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama nimeungua.

Tulitoa vioo kwenye fremu mbili za picha, tukaibana katikati, tukapandisha juu kamusi na vitabu vyangu vya uuguzi. Tuliiacha siku tatu mahali pa vuguvugu. Mkanda mpya wa gramafoni ulipofika kwa posta aliufunga mwenyewe, miwani ikimteleza puani.

Ukingo ulikuwa umetulia kidogo tu. Wimbo wa kwanza, Dog Eat Dog, ndio ulio pembeni, ndipo palipoharibika. Sindano ilipanda na kushuka kama ngalawa, ikaruka mara mbili. Akaweka sarafu ya peni juu ya kichwa cha sindano. Ikashika. Ngoma zikaja zikiyumba, zikisogea na kurudi nyuma.

"Nisamehe," nikasema.

Akanyanyua kidole ninyamaze. Utotoni alikuwa akiwaona wapiga ngoma wakiingia uwanjani, kila mmoja na ngoma yake kichwani, wakipiga huku wanatembea.

"Sikiliza," akasema. "Wanakuja kwa miguu."

Akanyanyua sindano, akairudisha mwanzo.