Injini ya LiteAce katika Gari la Marehemu

Marehemu baba mkwe wangu alituachia Toyota Corolla stesheni wagoni, toleo ambalo mafundi hulijua kwa jina la KE70, lililoanza kutoka kiwandani Japani mwaka 1979. Ni gari la kazi. Nyuma lina springi za vyuma bapa, za aina inayofungwa kwenye pikapu, na ukikunja kiti buti lake linameza gunia la viazi, tenga la pichesi na baiskeli ya mtoto, na bibi bado anapata pa kuweka mkoba wake. Wanangu wote walitoka hospitali ndani yake. Mzee mwenyewe alisindikizwa nalo siku ya mwisho, ndugu zake wakiwa wamebanana nyuma. Mtu akiniambia tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, huwa namwomba tuzungumze mambo mengine.

Tatizo lilikuwa injini. Ilikuwa 4K, silinda nne, sisi 1,290, ya familia ile ile ya K iliyoiendesha Corolla ya kwanza kabisa mwaka 1966. Hapa Dar es Salaam, kwenye barabara tambarare, ilitutosha. Lakini nyumbani kwa mume wangu ni Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unapanda karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Gari likiwa na watu wazima wanne, watoto na mizigo, tulikuwa tunapanda kwa gia ya pili, malori yanatupigia honi, na mshale wa joto unasogea juu kila tunapokaribia Soni. Mwaka ulipofika ambao tulilazimika kushusha abiria watembee kwa miguu, mama mkwe akiwemo, mume wangu alirudi Dar akiwa ameshaamua: gari linapata injini kubwa.

Kubwa kiasi gani? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alitaka 3S, ya sisi 2,000, kwa sababu rafiki yake anayo kwenye gari lingine na linapaa. Fundi wetu wa Gerezani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Bosi, hiyo itaingia, lakini gari litabaki kuwa la kwako gereji, si la mama nyumbani." Alichoshauri yeye ni 5K. Bloku ni ya ukoo ule ule. Mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 73. Kilichoongezeka ni kipenyo cha silinda, kutoka milimita 75 hadi 80.5, na hapo unapata sisi 1,486. Gia boksi la zamani linafunga bila kubadili kitu. Shemeji akauliza kuhusu 7K ya sisi 1,781. Fundi akamweleza kwamba ile walirefusha mwendo wa pistoni hadi milimita 87.5, bloku ikawa ndefu kwenda juu, na kila unachokifunga juu yake kinahama mahali pake. Nilikuwa upande wa fundi, na niko naye mpaka leo. Nyongeza ya asilimia 15 unayoweza kuitunza ni bora kwa nyumba yenye watoto kuliko farasi wengi wasio na mlishaji.

5K zinapatikana kwa sababu zilifungwa kwenye LiteAce na TownAce, na hata kwenye fokolifti za maghalani. Yetu ilitoka kwenye LiteAce, mtumba wa Japani, ikiwa bado na kabureta na fungu la waya zake. Mume wangu alidai risiti yenye namba ya injini, nikamwona akiilinganisha na tarakimu zilizogongwa kwenye bloku, moja moja, kidole juu ya chuma. Wanunuzi wengi huruka hatua hiyo wakaja kuilipia polisi.

Kazi ilifanyika uani kwetu, chini ya mwembe, maana gereji ya fundi ilikuwa imejaa. Chenibloku ikafungwa kwenye tawi nene, injini ya zamani ikatoka bila shida. Mpya ikanyanyuliwa, ikaanza kushushwa, na ghafla ikagoma kati ya hewa na gari. Kwenye LiteAce injini hukaa chini ya viti vya mbele, tena imeinamishwa upande. Sampo yake, yaani bakuli la oili la chini, ina umbo la kule. Kwenye Corolla, inakutana na chuma kinachopita chini ya injini, na hakuna namna ya kukibembeleza. Fundi akasema sampo ya zamani ihamishiwe kwenye injini mpya, pamoja na bomba la kufyonza oili, manifoldi na kabureta, kwa kuwa za LiteAce nazo zimeinama. Vyote hivyo vilikuwapo, lakini gasketi hazikuwapo, na siku hiyo hiyo mvua za masika zikaanza.

Basi injini ikakaa inaning'inia mwembeni, imefunikwa turubai, kwa majuma kadhaa. Watoto wakaenda shule kwa daladala na kurudi wamelowa. Mtungi wa gesi nikaupakia kwenye bajaji. Kamba ya kuanikia nguo, ambayo ilikuwa imefungwa kwenye tawi lile lile, ikahamia sebuleni, na kila mgeni aliyebisha hodi alipita chini ya mashuka. Mama mkwe, aliyekuwa kwetu kwa matibabu ya macho, aliketi barazani kila jioni akilitazama lile turubai. Siku moja akaniita. "Mwanangu, hiyo ikiingia, gari litakimbia zaidi?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, litapanda vizuri." Akasema, "Na kushuka?"

Swali hilo ndilo lililobadili bajeti yote. Kwenye hesabu za mume wangu na shemeji kulikuwa na injini, rejeta kuzibuliwa, sahani mpya ya klachi, mauntingi, oili na hela ya fundi. Breki hazikuwamo. Walisema za mbele ni za diski, zinashika, zimeshika miaka yote. Nikawaambia zilikuwa zinashika gari lililokuwa linapanda kwa gia ya pili. Hilo jipya litafika kwenye kona likiwa na mwendo mwingine, na kutoka Lushoto kurudi Mombo mteremko ni ule ule. Mgao wangu wa VICOBA ulikuwa umetoka mwezi huo. Nikaupeleka wote kwenye breki: pedi za mbele, breki shuu za nyuma, mabomba ya mpira na mafuta mapya ya breki. Fundi alipolifungua gurudumu la nyuma la kushoto akanionyesha silinda ndogo ya breki ikivuja, mafuta yameshalowesha ile shuu yote. Mume wangu aliangalia kwa muda, akainuka, akaenda kununua silinda hiyo kwa hela yake mwenyewe. Hatukulijadili tena.

Injini ikaingia. Iliwaka mara ya pili ya kupiga stata, ikanguruma kwa sauti nzito kidogo kuliko ya zamani, na watoto wakashangilia hadi majirani wote wakasikia. Mjini gari likawa jepesi. Kwenye taa za barabarani, ambapo zamani ulilazimika kukanyaga hadi chini, sasa unagusa tu. Mafuta linakula zaidi, hilo halina ubishi, na tangu ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, mwenye injini kubwa anailipia kila anapoingia kituoni. Tulikubaliana kulipia.

Safari ya Lushoto ilipangwa kumrudisha mama mkwe. Chalinze, Segera, Korogwe, gari linakwenda bila kulalamika. Mombo tukanywa chai, mume wangu akapima oili mbele yetu sote: dipstiki ikasoma imejaa. Tukaanza kupanda. Gia ya tatu! Mama mkwe akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa wakiishi kwenye kila kona, furaha imemjaa. Kabla ya Soni, kwenye kona kali ya kulia, nikaona taa nyekundu ya oili ikiwaka na kuzimika. Kona iliyofuata ikawaka tena, na safari hii nikasikia tapeti zinagonga juu ya injini, sauti kavu, ya haraka. Nikamwambia mume wangu asimame. Akasema ni waya. Nikamwambia, "Baba watoto, simama hapa hapa." Akasimama.

Dipstiki ikasoma imejaa, kama Mombo. Akampigia fundi. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo dipstiki mliyoishika, mpini wake ni wa rangi gani?" Mume wangu akamwambia. Ilikuwa ya LiteAce. Sampo ilikuwa imehamishwa, bomba la kufyonza limehamishwa, lakini kijana wa gereji alikuwa ameacha dipstiki iliyokuja na injini, iliyopimwa kwa sampo nyingine na kwa injini iliyoinama. Alama zake hazikuwa na maana yoyote ndani ya gari letu. Kwenye buti kulikuwa na boksi la vitu vilivyobaki, ambalo shemeji alitaka kulitupa na mama mkwe akakataa litupwe kwa sababu ni mali ya marehemu. Nikaitafuta humo dipstiki ya 4K, nikaifuta kwa kanga, tukaziweka zote mbili sambamba juu ya boneti. Alama ya kujaa ya moja na ya nyingine zilipishana upana wa vidole viwili. Tukaitumbukiza ya zamani: ikatoka na oili kwenye ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Tulikuwa na galoni ya akiba. Karibu lita nzima iliingia kabla haijafika panapotakiwa. Tulipowasha, tapeti zikagonga kidogo, zikatulia. Taa haikuwaka tena mpaka Lushoto.

Yeyote anayehamisha injini kutoka aina moja ya gari kwenda nyingine namsihi aliangalie jambo hilo kabla ya kuwasha. Kipimo kikidanganya, injini inaweza kufa huku kila mtu anaamini iko salama.

Kilichotushinda kukimaliza kwa spana ni karatasi. Kadi ya gari inataja namba ya injini na ukubwa wake, na mabadiliko hayo lazima yafike TRA, baada ya gari kukaguliwa. Tulipokwenda ofisini kwao, kabla ya safari ile ya Lushoto, wakatuuliza mwenye gari yuko wapi. Kadi bado ilikuwa na jina la marehemu. Miaka yote hiyo hakuna aliyefungua mirathi; kila mmoja alisubiri mwingine aanze, na gari liliendelea kutembea kama vile Mzee ameliazimisha. Sasa injini ikatulazimisha. Cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi.

Kikao kilikaa Lushoto, sebuleni kwa mama mkwe, siku iliyofuata baada ya kufika. Nilidhani watazungumzia shamba kwanza. Walianza na gari. Mjomba mmoja akasema liuzwe, hela zigawanywe. Mama mkwe akamsikiliza, akasema gari hilo limetiwa injini kwa jasho la mwanawe na breki kwa hela ya mkwewe, na anayetaka kugawana hela basi aanze kwa kurudisha hizo. Hapo pakawa kimya. Mwishowe wakamchagua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kauli moja. Mume wangu alitarajia kuchaguliwa yeye, na usiku hakulala vizuri. Nilimsikia akitoka mara mbili. Mimi naona walichagua sawa. Shemeji ndiye aliyehifadhi kila risiti tangu siku ya kwanza ya mwembe, hata za gasketi.

Siku ya kurudi tulishuka hadi Mombo kwa gia ya tatu na ya pili, breki hazikunuka. Shauri limepokelewa mahakamani, tangazo limebandikwa, na ukaguzi wa injini umeshafanyika. Tunasubiri siku za pingamizi zipite ili shemeji apewe barua, aipeleke TRA, na kadi isome sisi 1,486.