Fundi Naye Aambiwa Njoo Kesho

Mota ilianza kunuka kabla haijazima, na kwa muda lawama zote zilimwangukia mama anayekaanga mihogo mlangoni. Karakana iko Gerezani, Dar es Salaam, mahali ambapo harufu ya kitu kinachoungua si habari ya kumsimamisha mtu kazi. Moshi ulipochomoza chini ya meza ndipo mwenye karakana, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba, alipochomoa plagi na kumwomba yule mama radhi. Radhi ilipokelewa pamoja na oda ya mihogo ya watu watatu.

Mashine yenyewe ni ya kukereza vyuma, Myford ML7, aina iliyoanza kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham huko Uingereza, mara baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Ni ndogo kwa kimo. Wateja wake wengi wa kwanza walikuwa Waingereza waliojifungia kwenye vibanda vya uani wakiunda vijitreni vya mvuke kwa kujifurahisha. Gerezani imepata kazi za watu wazima: bushi za pampu, pini za cherehani, vipuri vya mashine za kusaga ambavyo hakuna duka lililo navyo. Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine hizi hazikupewa taarifa.

Kilichoiua mota kilikuwa kitu kidogo. Mota kama ile, ya umeme wa njia moja, ina koili mbili: moja inafanya kazi muda wote, nyingine inatoa msukumo wa kuanzia tu, kisha swichi iliyofichwa ndani inaikata mwendo ukishakolea. Swichi hiyo ikiganda, koili ya kuanzia inabaki kwenye umeme ambao haikuumbiwa kuuvumilia. Fundi wa kusuka mota aliifungua, akainusa kama daktari, akataja bei. Mjomba akauliza kama koili siku hizi zinasukwa kwa dhahabu. Akang'oa kibati cha mota, akakitia mfukoni, akashika njia ya Kariakoo.

Kibati kilisema yote: nusu hospawa, volti 230, mizunguko 1425 kwa dakika. Shida ni kwamba Kariakoo mota inauzwa kwa hospawa, kama nyama kwa kilo. Hayo mengine muuzaji anayaona ni maneno ya kujaza nafasi.

"Shikamoo Mjomba. Mota ya nini?"

"Marahaba. Ya mashine ya kukereza. Nusu hospawa, elfu moja mia nne."

"Ya maji ipo."

Ya maji ipo. Kila duka, ya maji ipo, na sehemu kubwa ya hizo za maji hazina hata miguu ya kufungia boliti, kwa kuwa zimezaliwa zikiwa zimeungana na pampu. Hatimaye kijana mmoja akatoa mota yenye miguu, imepakwa rangi ya buluu inayong'aa. Kibati chake: 2850. "Hii ndiyo kali, Mjomba. Inazunguka mara mbili ya hiyo yako, na bei ni ileile!"

Hapo ndipo mtu asiyejua mashine angelipa na kushukuru. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mota ya ncha nne za sumaku haiwezi kuvuka mizunguko 1500 kwa dakika, na ya ncha mbili hukomea 3000. Ukitoa kile kidogo kinachopotea kila mota inapobeba mzigo, unabaki na 1425 au 2850. Kwa hiyo mota ya buluu haikuwa kali kuliko ya zamani. Ilikuwa na ncha pungufu tu. ML7 ikiwa na mota yake halali, kasi ya juu kabisa ya ekseli ni mizunguko 640. Ukiifunga hiyo "kali," inapanda hadi 1280, na ekseli ile imelala kwenye beringi za madini meupe laini, zinazonyweshwa oili tone kwa tone. Mjomba alijaribu kumweleza kijana. Kijana akamsikiliza kwa adabu zote, akapunguza bei.

Palikuwa pia na fundi umeme aliyeshauri mota ya njia tatu pamoja na kile kisanduku cha elektroniki kinachotengeneza njia tatu kutoka njia moja na kukuwezesha kupandisha mwendo kama redio. Ushauri mzuri kabisa. Mjomba aliuliza kama kisanduku kinavumilia chenga za chuma, akaangalia dari ya karakana inavyovuja, akaagiza chai.

Mota ya 1425 ilipatikana mwishowe, mtumba, nyuma ya duka la feni. Inazunguka vizuri, haina kelele, haina harufu. Ila shafti yake ni ya milimita 14, na puli ya Myford ina tundu la inchi 5/8, yaani milimita 15.875. Puli ikawa inacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Dawa yake ni rahisi mno: bushi nyembamba, unene haufiki milimita moja, ipasuliwe upande mmoja kupisha ufunguo. Kazi ya nusu saa kwa mwenye mashine ya kukereza.

Na mashine ya kukereza haina mota.

Kinyozi hajinyoi. Ilibidi Mjomba avuke barabara kwa mshindani wake, mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisema mashine zake za Kichina zinawashinda wazee wa Kiingereza. Mshindani akaipokea puli kwa mikono miwili, akaipima taratibu, akamuuliza hali ya nyumbani, akamwambia, "Njoo kesho." Kesho yake akamwambia umeme ulikatika. Mjomba anazijua sentensi hizo kuliko anavyojua jina lake, maana ndizo anazowaambia wateja. Hakuwahi kuzisikia kutoka upande ule wa kaunta.

Bushi ilipotoka ilikaa sawasawa. Mkanda ukavutwa, nyaya zikaunganishwa, mshindani akaja kushuhudia. Mota ikazunguka kinyumenyume. Kichwa cha taya tatu kinachoshika chuma kimefungwa kwenye ekseli kwa hesi, na kazi ya kawaida hukikaza, kinyumenyume hukifungua. Kisu kilipogusa tu, kichwa kikajifungua, kikadondoka, kikabiringika hadi kwenye karai la mihogo na kugonga kingo zake. Safari hii mama hakuombwa radhi, alishakimbia.

Mjomba alifungua kikasha cha nyaya, akabadilisha miisho miwili ya koili ya kuanzia, akafunga. Alasiri pini ya cherehani iliyokuwa imesubiri muda wote huo ikawa tayari. Mwenye cherehani akaigeuza mkononi, akasema imechelewa sana, akaomba apunguziwe.