Tembo Hana Faida

Hapo zamani za kale, tena si kale sana, wanyama wa Mtoni waliwekeana sheria moja ya hazina: kila mwenye biashara atoe robo ya faida yake kwa mwaka. Si robo ya mauzo, robo ya faida. Fedha hizo ndizo zilizojenga daraja, zikachimba kisima na kuwalipa mbwa wa zamu. Bi Kanga, mtunza hazina, aliandika kila kilichoingia, na kwa miaka mingi kiliingia.

Mfanyabiashara mkubwa alikuwa Tembo. Vibanda vyake vya kahawa vilikuwa kila njia panda, kutoka gulioni mpaka kivukoni, na kila mwaka aliongeza vingine. Na kila mwaka, Bi Kanga alipobisha hodi, Tembo alitoa daftari, akajipangusa jicho kwa ncha ya mkonga, akasema, "Hasara tena, dada yangu. Biashara imekuwa ngumu."

Siku moja Bi Kanga alikataa chai, akaketi kulisoma daftari lile mstari kwa mstari.

Kahawa mbichi. Magunia yalishuka kutoka mlimani yakipita mbele ya mlango wake mwenyewe, hilo aliliona kila wiki. Kwenye karatasi, hata hivyo, magunia yalivuka mto kwanza hadi kisiwani, yakanunuliwa na shemeji yake Tembo, yakapandishwa bei kwa moja ya tano, ndipo yakauzwa kwa Tembo. Hakuna gunia lililolowa hata tone. Mstari uliofuata: mrabaha. Kibao cha kila kibanda kilikuwa na picha ya Tembo, na picha hiyo, pamoja na jina na umbo la masikio, ilikuwa mali ya mpwa wake aliyekaa kisiwani, kwa hiyo kila kikombe kilichouzwa kilimlipa mpwa. Kisha riba. Tembo alikuwa amekopa fedha za kufungulia vibanda, kwa riba kubwa kuliko ya mkopeshaji yeyote wa gulioni, na aliyemkopesha alikuwa Tembo.

"Kila mstari una risiti," Tembo alisema kwa upole. Na kweli ulikuwa nayo.

Kisiwani kwenyewe Bi Kanga alimtuma Njiwa akaangalie. Njiwa alirudi na habari ya nyumba moja ya Mzee Kobe, yenye mlango mmoja na vibao vya majina visivyohesabika, ndani hakuna shemeji wala mpwa, yupo Kobe anasinzia juu ya mihuri.

Msomaji mwenye masikio marefu atadhani namsema mtu. Hasha. Najua kwamba mwaka 2008 wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuta kampuni na taasisi 18,857 zimesajiliwa katika jengo moja la ghorofa tano, Ugland House, huko George Town, visiwa vya Cayman. Najua pia kwamba Novemba 2012 kamati ya bunge la Uingereza, chini ya Margaret Hodge, iliwaita Starbucks, Amazon na Google kuwahoji. Kwamba Starbucks ilikuwa imeuza kahawa ya pauni zaidi ya bilioni 3 nchini humo kwa miaka 14 na kulipa kodi ya mapato ya pauni milioni 8.6, kwamba kahawa yake ilinunuliwa kupitia Uswisi na mrabaha wake ukaenda Amsterdam. Lakini wale walikuwa binadamu waliovaa suti, na wakasema hawajavunja sheria yoyote. Mimi nasimulia wanyama.

Sasa, Tembo peke yake asingeiua hazina. Aliyeiua ni Nyati, na Nyati hakuwa mchoyo. Miaka yote alikuwa akilipa robo yake bila manung'uniko. Shida ilianzia kwenye mkutano wa wenye hisa, pale nyati mmoja mzee aliposimama akauliza: "Mwenyekiti, sisi tunatoa robo nzima. Tembo anatoa ngapi? Au wewe umemzidi Tembo akili?" Kundi zima lilicheka. Usiku ule Nyati hakupata usingizi. Kodi haikuwahi kumuuma. Kilichomuuma ni kulipa huku wenzake wanamtazama.

Asubuhi alimwita Kunguru. Huyu ndiye aliyetunza hesabu za Tembo, za Nyati, za Punda Milia na za Nguruwe, na alikuwa ameapa kutunza siri za wateja wake wote. Alizitunza. "Ninaye mteja mmoja," alimwambia Nyati, "mkubwa kiasi, ana masikio mapana, jina lake silitaji kamwe." Hadi jua kuchwa, Nyati alikuwa amepata shemeji kisiwani. Alipata na deni pia, ingawa ghala lake lilikuwa limejaa pomoni, kwa kuwa mteja asiyetajwa naye alikuwa na deni. Mwezi uliofuata Punda Milia alikopa. Kisha Nguruwe. Bi Kanga alipouliza walikopa kwa ajili gani, wote walijibu kwamba hiyo ndiyo desturi ya soko.

Twiga, muuza asali, aliendelea kulipa robo yake na biashara yake haikufa. Hakuna hata mmoja aliyemfuata Kunguru kumwuliza Twiga anafanyaje.

Swala naye alitaka kuwa wa kisasa. Alikuwa na meza moja ya maandazi, hakuwa na fedha ya kumlipa Kunguru, na maarifa yake yote aliyaokota kisimani, nusu nusu. Kwa hiyo alichukua kibuyu, akakiandika "Kisiwani" kwa mkaa, akatia humo nusu ya mapato yake na kukifukia nyuma ya jiko. Mbwa wa zamu walikifukua siku ya tatu. Alitozwa mara tatu ya alichoficha, na barazani Tembo alitikisa kichwa kwa masikitiko akasema vijana wa siku hizi hawana uadilifu.

Majumbe nao walikuwa wakichunguliana. Jumbe wa kijiji cha ng'ambo alipotangaza kwamba kwake wafanyabiashara watatoa moja ya nane tu, Jumbe Simba wa Mtoni alikesha na wazee wake akitafuta cha kupunguza asije akakimbiwa.

Mwaka wa masika makubwa, ubao wa daraja ulivunjika chini ya miguu ya Mama Kuku, yeye na tenga lake la mayai wakaenda na maji. Alitoka mzima, mayai hapana. Kijiji kikachachamaa, wanyama wakaacha kununua kahawa ya Tembo, foleni ikafutika. Wiki ya pili Tembo alifika barazani, akasafisha koo.

"Sidaiwi chochote," alisema, "risiti ninazo. Lakini kwa moyo wangu mwenyewe nitatoa pishi kumi mwaka huu, na kumi mwaka ujao."

Wakampigia makofi. (London nako, Desemba 2012, kampuni ile ya kahawa iliahidi kutoa pauni milioni 20 kwa miaka miwili, kwa mapenzi yake. Sadikini, nimelikumbuka kwa bahati tu.) Bi Kanga alibaki na kalamu mkononi: hakujua aandike ukurasa upi, wa kodi au wa sadaka.

Hata hivyo aliona pameanza kupambazuka, akawageukia wengine. Nguruwe alisema atatoa akishamwona Punda Milia ametoa. Punda Milia alikuwa akimngoja Nyati. Nyati alisema amemsikia Tembo kwa masikio yake akitamka kwamba hadaiwi, na yeye ana shemeji yule yule, kwa hiyo hadaiwi. Tembo akaombwa basi aongoze njia, atoe robo kamili, wenzake wafuate.

"Peke yangu?" Tembo alishangaa. "Mwataka nifilisike, niwaachie soko hawa?"

Baraza likavunjika. Jioni ile Kunguru alipeleka ankara nne, moja kwa kila mteja, zote za kiasi kimoja: ushauri maalumu, wa siri, kuhusu namna bora ya kusubiri wenzako. Zililipwa zote kabla ya magharibi.